Sufuria Isiyopika Chakula

Simioni mpishi alifika kwenye mlango wa maabara saa mbili asubuhi, kitambaa begani na damu ya ng'ombe kwenye kucha, akaomba sufuria ya presha. Aliiomba kirahisi, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Wageni walikuwa njiani kutoka Musoma, alisema, na ng'ombe aliyechinjwa alikuwa mzee kuliko mwalimu wa zamu. Kuni zililowa na mvua ya jana. Kwa moto ule wa moshi, nyama ile isingeiva hata kesho.

Wegesa hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu kwa maji ya klorini, na aliendelea kusugua mpaka alipofika kwenye mstari wa njano uliopakwa kizingitini. Ndipo akamwambia kwamba sufuria hiyo haipiki chakula.

"Mama Wegesa, sufuria ni sufuria tu," Simioni akasema.

"Na shimo la choo ni shimo tu, mura. Mbona hufukii viazi humo?"

Simioni alicheka, akajikuna shingo, akaenda zake. Wegesa alijua kwamba haendi jikoni. Alijua pia kwamba atakayerudi si Simioni, na huyo atakayerudi angeweza kumtoa kazini kabla chai yake haijapoa. Na kazi ile ya kutunza maabara ya shule, kwenye kilima nje kidogo ya mji wa Tarime, ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho ambacho ukoo wa mumewe haujakitia mkono.

Alikuwa na miaka arobaini na minane na hakukanyaga darasa. Baba yake, huko Nyanungu, alihesabu binti zake kwa ng'ombe watakaoleta, na ng'ombe hawaulizi mtu ameishia darasa la ngapi. Aliolewa Nyangoto kwa Mseti, mwanamume mpole kuliko wengi, mwenye shamba la mahindi na tamaa ya dhahabu. Tamaa ndiyo iliyomzika. Shimo alilokuwa akichimba na wenzake liliporomoka mchana kweupe, wakamtoa kesho yake.

Matanga hayajavunjwa, shemeji yake Werema alimletea karatasi na kidau cha wino. Alisema ni orodha ya waliotoa rambirambi, mjane anatakiwa abonyeze dole kuonyesha amepokea. Wegesa alibonyeza, macho yamevimba kwa kulia. Mwezi haukuisha akaamka akakuta watu wenye sururu wanachimba katikati ya mahindi yake, na walipomwona wakamsalimia vizuri, kwa heshima, kama mtu aliyewauzia.

Alikwenda baraza la kata. Wakamwonyesha dole lake. Mwenyekiti akamuuliza swali moja tu: kama hukujua kilichoandikwa, kwa nini ulibonyeza? Watu wakacheka kidogo, si kicheko kikubwa, kile cha puani. Miaka tisa imepita na swali lile halijamtoka mwilini. Werema mpaka leo ana pikipiki mbili. Kila Wegesa anapoulizwa kama amesamehe, hujibu kwamba hajaombwa.

Shuleni aliingia kama mwosha vyombo. Maabara alipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Uvumi ulikuwa umeenea mpaka sokoni kwamba wasichana wa kidato cha tano wanafuga magonjwa kwenye visahani, na mfagiaji aliyekuwepo akaacha kazi baada ya mumewe kumwambia achague kati ya ndoa na visahani. Mwalimu Lukmani ndiye aliyeleta mradi huo. Kwao walikuwa wauza vitambaa wa Mugumu, na yeye mwenyewe alikuwa kijana mwembamba, mwenye haraka, anayesema sentensi mbili kwa pumzi moja. Alimwambia Wegesa kwamba kwenye visahani kuna wadudu.

Wegesa akauliza wana miguu mingapi.

Mwalimu alianza kucheka, kisha akaona haulizi mzaha. Akaeleza upya, taratibu safari hii. Si wadudu wa kutambaa. Ni bakteria, viumbe wadogo mno, jicho haliwaoni mpaka wakusanyike maelfu kwa maelfu, na hapo huonekana kama doa la maziwa juu ya ule utelezi mgumu wa kwenye kisahani. Aina yao huishi hata kwenye matumbo ya watu, ila hawa walidhoofishwa makusudi ili wasimudu maisha ya nje. Wasichana walikuwa wanawapandikiza tabia iliyotoka kwa kiumbe cha baharini kinachong'aa, kidogo sana, uzi mmoja wa urithi. Wakipokea, wanang'aa na wao. Alizima taa, akawasha kitochi chenye mwanga wa buluu, na Wegesa akaona madoa ya kijani kibichi yakiwaka ndani ya kisahani. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, wakitoka humu?

Hilo, alisema Mwalimu, ndilo swali ambalo serikali nayo imeuliza.

Maana mradi wenyewe ulikuwa na kibali kutoka Dodoma, na kibali kilikuwa na masharti kumi na manne. Wale viumbe ni dhaifu, lakini ni viumbe waliobadilishwa na mkono wa mtu, na kitu cha namna hiyo hakitupwi jalalani mbuzi wa watu wakaja kulamba. Hakuna kinachotoka chumbani kikiwa hai. Na kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kuandika jina la msimamizi wa taka. Walimu wanane waliulizwa, na wote wanane hawakutaka majina yao yakae karibu na neno taka. Lukmani akaandika Wegesa, akamletea karatasi na kidau cha wino.

Wegesa alikitazama kidau kile mpaka Mwalimu akadhani ameugua.

Hakubonyeza. Alimwita Yasmini, msichana mwenye akili kuliko wote mradini, akamwomba amsomee masharti yote Jumatatu baada ya vipindi. Alhamisi akamwita Lilian, mwenzake mradini, bila kumwambia kwamba Yasmini alishasoma, akamwomba vilevile. Alisikiliza amefumba macho. Mahali pamoja hawakulingana: Lilian alisoma sharti ambalo Yasmini, kwa haraka zake, alikuwa ameliruka. Ikabidi wote wawili waitwe pamoja wasome mara ya tatu, kidole kikipita chini ya kila mstari. Lilikuwa ni sharti la tisa. Lilisema chombo chochote kinachotumika kuua taka za maabara kisitumike kwa chakula, hata baada ya kuoshwa, hata siku moja.

Majuma matatu yalikwisha kabla hajabonyeza. Mwalimu alilalamika kwamba serikali inasubiri. Wegesa akamwambia isubiri, yeye imemsubirisha miaka minane.

Tangu siku ile chumba kilikuwa chake. Asubuhi aliwapa wasichana makoti na glavu, na msichana mwenye nywele zilizoachiwa alirudishwa akazifunge. Alimtoa Yasmini nje kwa sababu ya karanga moja shavuni. Alipiga marufuku simu mezani, kwa sababu simu inayoguswa na glavu ndiyo inayowekwa baadaye kwenye mdomo. Kisahani kilichodondoka kilimwagiwa klorini na kuachwa kikae dakika ishirini, huku mdondoshaji amesimama anaangalia. Walimwita Askari, wakidhani hajui. Alijua, na jina lilimkaa vizuri.

Kazi yenyewe ya kuua ilikuwa ya sufuria. Shule nyingine zina mashine kubwa, yao ilikuwa ni sufuria ya presha yenye mshale juu, iliyonunuliwa kwa ajili hiyo tu. Alitia maji, akapanga visahani ndani ya mfuko usioyeyuka, akabandika utepe mweupe ambao mistari yake huwa myeusi joto likitosha. Mshale ukifika kumi na tano, hapo ndipo saa huanza kuhesabiwa. Dakika arobaini. Halafu moto unazimwa na sufuria inaachwa mpaka mshale urudi wenyewe, maana mwenye haraka akifungua atapata uso uliobabuka. Utepe ukishakuwa mweusi aliubandua, Lilian akaandika tarehe na idadi kwenye daftari, na Wegesa akabonyeza dole pembeni. Dole lilelile. Lakini sasa lilibonyeza kitu alichokiona kwa macho yake.

Ndiyo maana siku ile ya wageni, Mkuu wa shule, bwana Nikolaus, alipokuja mwenyewe kwa ajili ya sufuria, alimkuta amesimama mlangoni, fagio mkononi.

Mkuu alianza kwa upole. Mgeni mkubwa, Daktari Arafa, ndiye mkaguzi wa usalama wa miradi kama huu, ametoka Dodoma, na saa nane anatakiwa awe njiani kwenda Natta. Lazima ale mapema, na ale vizuri. Yeye Mkuu hataki shule iaibike kwa nyama ngumu.

Wegesa akasema sufuria ina sharti.

"Itaoshwa," Mkuu akasema.

"Hata ikioshwa."

"Mama Wegesa, mimi ndiye niliyesaini kibali hicho."

"Ulisaini, Mkuu. Mimi nilisomewa."

Mkuu akasema kwa sauti ya chini kwamba wageni wakishaondoka wataonana ofisini, na kwamba wafanyakazi wote, wafagiaji pia, wanatakiwa getini kupokea wageni saa tano kamili. Akaondoka. Wegesa alifunga maabara kwa ufunguo, akauvuta mlango mara mbili kuhakikisha, akaenda getini kusimama kwenye mstari na wenzake na kupiga makofi.

Aliporudi, mlango ulikuwa umefungwa vilevile. Ila pale kwenye kona, juu ya jiko la gesi, palikuwa patupu. Mkuu alikuwa na ufunguo wa pili.

Jikoni moshi ulikuwa mzito, na katikati ya moshi sufuria yake ilikuwa juu ya mafiga ikipiga mluzi. Simioni alikuwa akimenya ndizi, ametulia, na alipomwona akajihami mapema. Alisema kwamba ameletewa, hakuiba. Akasema tena, kwa kujivuna kidogo, kwamba yeye si mjinga, amesikia habari za wadudu, na kabla ya kutia nyama aliipeleka sufuria juani akaikagua ndani na nje, akapitisha kidole hata chini ya ule mpira wa kwenye mfuniko.

"Sikuona mdudu hata mmoja, mama. Hata sisimizi."

Wegesa alimtazama. Alikumbuka kwamba na yeye aliwahi kuuliza miguu, na hilo likamzuia kumtukana. Alitia vitambaa viwili mikononi, akaiondoa sufuria motoni, akaiweka chini na kusimama mbele yake.

Simioni akasihi. Akasema wageni wanatembezwa madarasani sasa hivi, nusu saa tu wakae mezani. Akasema Mkuu atawafukuza wote wawili. Akauliza, hivi kweli, kwa moto ule na mluzi ule, kuna kitu gani kimebaki hai humo? Wegesa akakubali kwamba pengine hakuna. Akamwambia kwamba kwenye visahani huwa kuna dawa ya kuua bakteria pia, na watu wengine dawa hiyo huwavimbisha koo. Juzi mfuko mmoja ulipasuka mle ndani. Na hata kama usingepasuka, sufuria ikipika nyama leo kwa sababu ya mgeni, kesho itapika maharage kwa sababu ya mvua, na keshokutwa mtu atachemshia uji wa watoto taka zikiwa bado kwenye mfuniko.

Alisubiri mshale urudi. Wasichana wawili wa zamu ya jikoni waliacha kuchambua mchele wakamtazama akisubiri. Mshale ulipolala, akafungua mfuniko, na harufu ya nyama ilitoka nzuri hasa, yenye vitunguu na tangawizi, Simioni alikuwa fundi. Wegesa akainua sufuria yote kwa vitambaa, akatoka nayo nje.

Njia ya kwenda kwenye shimo la taka ilipita mbele ya baraza la ofisi. Wageni walikuwa wamekwisha kukaa pale, soda mikononi, Mkuu katikati, Mwalimu Lukmani kwenye kiti cha mwisho. Wegesa hakuchagua kupita hapo, hapakuwa na njia nyingine, lakini pia hakuharakisha. Alifika shimoni, hatua kumi na tano kutoka walipokaa, akamwaga. Kilo kumi na mbili za nyama ya ng'ombe mzee zilianguka kwenye majivu.

Kwa Wakurya mtu anaweza kukataa chakula, anaweza hata kuondoka mezani. Kumwaga nyama ya mgeni mbele ya mgeni ni kitu ambacho watu hukitaja baada ya miaka. Mkuu akasimama akitabasamu kwa wageni, akawaomba radhi. Alisema huyu mama ni mjane, alipatwa na makubwa huko Nyangoto, mara nyingine anachanganyikiwa, shule inamhifadhi kwa huruma tu.

Daktari Arafa alikuwa mwanamke mfupi mwenye ushungi wa kijivu. Aliweka soda chini, akateremka ngazi akaenda mpaka shimoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kwa nini umemwaga?"

"Sufuria hii ni ya kuulia taka za visahani," Wegesa akasema. "Mimi ndiye msimamizi. Sharti la tisa linasema isipike chakula hata ikioshwa, hata siku moja. Nilikataa kuitoa, ikatolewa nikiwa getini nakupigieni makofi."

Mkaguzi akamuuliza kama sharti hilo lipo ukutani. Wegesa akajibu kwamba kama lipo ukutani halimsaidii, yeye hajui kusoma, analo kichwani. Mkaguzi akamwomba aseme la sita. Akasema la sita. Akamwomba la kumi na mbili. Akasema la kumi na mbili, na akaongeza kwamba hilo shule haijalitimiza, kwa sababu linataka sehemu ya kunawia mikono karibu na mlango na bomba lililopo linavuja upande wa pili wa jengo, ameshasema mara nne.

Daktari Arafa akageuka, akamwomba Mkuu nakala yake ya kibali. Mkuu akapapasa mfuko wa koti, kisha akamtuma karani, na karani hakurudi.

Mwalimu Lukmani alikuwa ameinama anatazama viatu vyake. Mkaguzi alipomuuliza kama maneno ya mama huyu ni ya kweli, alichelewa kujibu. Wegesa aliona ule uchelewaji na hatausahau, maana aliwahi kuuona kwenye nyuso nyingine, barazani kwa mwenyekiti wa kata. Lakini mwishowe Mwalimu alisema ni kweli. Akajaribu kuokoa kidogo: alisema kisayansi joto la sufuria ile linaua kila kitu, kwa hiyo nyama yenyewe haikuwa na hatari.

"Mwalimu," Daktari Arafa akasema, "sikuuliza kama nyama imekufa."

Hakula. Alikagua maabara kwa saa mbili, akasoma daftari lote la tepe, akauliza kila dole limewekwa na nani. Kabla ya kuondoka aliandika amri mezani pale pale. Mradi unasimama kwa siku sitini. Visahani vyote vilivyo hai viuliwe ndani ya siku tatu, mbele ya msimamizi wa taka na mkuu wa shule, na wote wawili waweke alama kwamba wameona kwa macho. Na msimamizi wa taka asibadilishwe bila ofisi ya Dodoma kuarifiwa kwa maandishi, na sababu itajwe.

Wegesa alikuwa hajawahi kuona karatasi iliyoandikwa upande wake. Aliomba isomwe na watu wawili.

Lakini siku sitini zilikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa na wasichana. Mashindano ya shule za kanda, huko Mwanza, yalikuwa baada ya siku arobaini. Yasmini alikuwa amefanya kazi mwaka mzima kupata visahani vile, mara tatu vimelea vilikataa kung'aa na akaanza upya. Alikuja mlangoni jioni ile bado jua halijazama, hakuvuka mstari, akasema maneno aliyokuwa ameyabeba toka mchana.

"Ungeacha wale, mama. Wangekula, wangeondoka, sisi tungekwenda Mwanza."

Wegesa akamwambia kwamba angeacha, Dodoma wangejua siku nyingine, kwa njia nyingine, na wa kulaumiwa angekuwa yule asiyesoma. Yasmini akasema kumbe ni habari zake yeye mwenyewe, si za usalama. Wegesa alifikiri juu ya hilo. Akajibu kwamba ni vyote viwili, na kwamba haoni aibu.

Asubuhi iliyofuata Mkuu alimwita ofisini. Kulikuwa na barua ya radhi iliyokwisha kuchapwa, na kidau cha wino pembeni. Mkuu alisema ni utaratibu tu, abonyeze wayamalize. Wegesa akasema Lilian aitwe. Mkuu akasema hakuna haja, atamsomea yeye mwenyewe, akasoma kwa sauti tamu habari ya kusikitika na kuahidi ushirikiano. Wegesa akasema Lilian aitwe hata hivyo. Lilian akaja, akaishika karatasi, akasoma mpaka mstari wa nne, akarudi kuusoma tena. Mstari wa nne ulisema kwamba Wegesa mwenyewe ndiye aliyeipeleka sufuria jikoni.

Wegesa alisimama. Hakupiga kelele. Alisema kwamba aliwahi kuuza shamba bila kujua, na hatauza jina lake akijua. Akatoka, akamwacha Mkuu na wino wake, na Lilian akatoka nyuma yake bila kuaga.

Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho kwa visahani. Mwalimu Lukmani alikuwa ametumwa Musoma kupeleka barua za shule. Mkuu alikuja maabara saa nne, kalamu mkononi, akasimama kizingitini akaomba daftari atie saini, ana kikao.

"Utasaini ulichokiona," Wegesa akamwambia.

"Nimeshaona, mama. Visahani vile pale."

"Hivyo viko hai. Unasaini vikishakufa. Vaa koti."

Koti lilimbana mabegani. Glavu alizivaa vibaya, kidole gumba kikaingia mahali pa cha pili, ikabidi avalishwe upya. Akajifuta pua kwa glavu, akapewa jozi nyingine. Lilian alikaa na daftari. Yasmini alikuwa akitoa visahani kwenye friji, kimoja kimoja, akivihesabu kwa sauti bila kumtazama mtu, na Wegesa akivipokea na kuvipanga kwenye mfuko. Alipofika arobaini akafunga mlango wa friji.

"Arobaini," Yasmini akasema.

Lilian akatazama daftari, akamtazama Yasmini, akarudisha macho kwenye daftari.

"Soma," Wegesa akasema.

"Arobaini na moja," Lilian akasema polepole.

Wegesa aliketi kwenye kigoda, akaweka mikono yenye glavu magotini. Alisema kwamba sufuria haiwashwi mpaka hesabu ikamilike, na kwamba yeye ana siku nzima. Alijua kisahani kiko wapi, koti la Yasmini lilikuwa limejaa upande mmoja. Alijua pia ni kipi: kile kilichong'aa kuliko vyote, ambacho mtu akikificha anaweza kuanza nacho tena siku ya sitini na moja bila kurudia mwaka mzima. Angekuwa yeye na kisomo kile na umri ule, angekificha pia. Lakini kilikuwa hai, kimekaa kwenye kitambaa cha koti, karibu na mfuko wa leso.

Yasmini alianza kulia kabla hajakitoa. Alikiweka mezani kwa mikono miwili, akakisukuma mbele.

Mkuu akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyepewa zawadi. Hapo alikuwa na mwizi, shahidi na kisa kipya cha kuipelekea Dodoma. Akanyoosha kidole chenye glavu.

"Kumbe ni wewe," akaanza. "Kumbe shule nzima inasumbuliwa na—"

"Mkuu," Wegesa akasema, "humu ndani nasema mimi." Aliinuka, akakichukua kile kisahani, akakiweka juu ya wenzake. "Amehesabu vibaya, amehesabu upya. Lilian, andika arobaini na moja. Yasmini, vua koti hilo, litaingia kwenye klorini, unawe mpaka kwenye viwiko, kisha uje ubandike utepe. Ni kazi yako hii, uimalize wewe."

Yasmini alinawa kwenye beseni kwa muda mrefu. Akarudi na koti jingine, macho mekundu, akabandika utepe, akaunyoosha kwa kidole mpaka ukalala sawa. Wegesa akafunga mfuniko, akawasha moto. Mshale ukakaa, ukatikisika, ukaanza kupanda.

Mkuu alisimama karibu na ukuta asijue aweke wapi mikono. Simu yake iliita mfukoni na hakuweza kuigusa. Ikaita mpaka ikakata. Mshale ulipofika kumi na tano, Lilian aliandika saa. Baada ya muda Mkuu alisema, akiongea na sufuria zaidi kuliko na mtu, kwamba jiko la wanafunzi litanunuliwa sufuria yake. Na bomba litahamishwa. Na kwamba mradi utakaporudi, ofisi haioni sababu ya kuandika Dodoma kuhusu kubadilisha watu.

Wegesa hakusema asante. Hakuna alichopewa, alikuwa anarudishiwa. Alimwuliza Lilian zimepita dakika ngapi, Lilian akasema kumi na moja.

"Glavu nivue?" Mkuu akauliza.

"Bado," Wegesa akasema, akamsogezea kigoda kwa mguu.